Atafika, Hatafika

Katika lugha yetu imo sauti moja nyonge kuliko zote, ambayo ulimi hauigongi, meno hayaibani wala midomo haiifinyi, bali hutoka kooni kama pumzi ya mtu aliyemaliza kupanda ngazi. Na sauti hiyo, pamoja na unyonge wake wote, ndiyo iliyokabidhiwa amana nzito ya kukana. Atalipa na hatalipa, atarudi na hatarudi, ataoa na hataoa: madeni, safari na ndoa za watu zimetundikwa juu ya pumzi hiyo, nayo ikidondoka njiani kati ya kinywa cha msemaji na sikio la msikilizaji, neno halipotei, bali hufika likiwa zima na fasaha, ila limegeuka kinyume chake. Nimeitumia lugha hii umri wangu wote bila ya kulitia moyoni jambo hilo, hata ilipofika siku ya kupokea posa ya binti wa ndugu yangu.

Nyumba yetu ni ndogo, kwa hiyo tulikodi ukumbi mpya unaopendeza macho: sakafu yake ya marumaru, kuta zake zimepigwa lipu laini na kupakwa rangi ya mafuta, madirisha yake ya vioo yamefungwa kwa ajili ya vumbi, dari yake ngumu, na juu zinazunguka feni nane. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye ndiye msimamizi wa kila karamu ya ukoo wetu, aliketi karibu na mlango wa jikoni ili awaongoze vijana wa masinia. Mkuu wa wageni akasimama upande wa pili, akahimidi, akasalimu, akasema kwa adabu kwamba mzazi wa kijana hatafika leo, akataja na udhuru wake. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake, nikasikia. Shangazi, kutoka alipoketi, kati ya mlio wa sahani, watoto wakimbizanao na wanawake waliokuwa wakiulizana habari za siku nyingi, alisikia kwamba mzazi wa kijana atafika leo. Na kwa kuwa si ada yetu kumtangulia mkubwa katika chakula, akazuia masinia yasitoke. Adhuhuri ikapita, pilau ikapoa. Wageni kwa heshima yao hawakuuliza, na sisi wenyeji hatukuuliza pia, kwani hakuna amhojiye shangazi katika kazi hiyo. Ilipokaribia alasiri ndipo jambo lilipobainika, na hapo likatoka neno lililonichoma kuliko njaa ya wageni, kwamba masikio ya shangazi yamekwisha. Lilisemwa kwa upole na huruma, lakini lilisemwa, naye akaliona katika nyuso. Tangu siku hiyo alitoa udhuru katika shughuli tatu mfululizo.

Nikaenda kumtazama. Yeye hukaa katika nyumba ya kale, ya mawe ya matumbawe na chokaa, chumba chake kirefu na chembamba, kwa sababu waashi wa zamani walikata upana wa chumba kwa kipimo cha boriti za mikoko, na boriti haivuki takriban mita 3. Ukutani kuna zidaka zilizojaa bakuli na vitabu, kitandani godoro la sufi, chini mikeka miwili na zulia, mlangoni pazia zito, na juu ya kamba kanga zimeanikwa moja juu ya nyingine. Nikasema, "Shikamoo, shangazi," kwa sauti ya chini, ningali mlangoni. "Marahaba, mwanangu, vua viatu uingie, usisimame hapo." Tukazungumza saa nzima bila ya mimi kurudia neno. Katikati ya mazungumzo, kule uani, msichana alimwuliza mwenzake polepole kama akune nazi moja au mbili, na mimi, ambaye masikio yangu hayajatiliwa shaka na mtu, sikushika aliloliuliza; shangazi akageuza uso dirishani akajibu, "Mbili."

Nilirudi nyumbani na swali ambalo halikuniacha nilale: ikiwa sikio ni lile lile, hapa lasikia mnong'ono wa uani na kule halikusikia hotuba ya mtu aliyesimama, basi mgonjwa ni nani, shangazi au ukumbi?

Swali hili, kwa sura nyingine, liliwahi kuulizwa Marekani mwaka 1895. Chuo cha Harvard kilikuwa kimejenga jumba la sanaa liitwalo Fogg, na katika ukumbi wake wa mihadhara wasikilizaji hawakumwelewa mwalimu, ijapokuwa wote walikuwa na masikio mazima na mwalimu alikuwa na sauti ya kutosha. Mkuu wa chuo, Charles Eliot, akampa kazi hiyo mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Alifanya kazi usiku wa manane, mji ulipotulia, akiwa na bomba moja la kinanda cha kanisa na saa ya kupimia nukta: hulipuliza bomba, hulinyamazisha, kisha huhesabu muda ambao sauti isiyokuwa na mwenyewe tena huendelea kuzurura ukumbini mpaka izimike. Aliona kwamba yachukua takriban sekunde 5 na nusu. Zingatia, ewe msomaji, kwamba msemaji wa kawaida katika muda huo amekwisha kutoa silabi zaidi ya ishirini, na kila moja imekuta nduguze waliotangulia wangali hai hewani. Sabine akaazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani uitwao Sanders, akaileta kidogo kidogo, akipima kila mara, na mvumo ukapungua kwa kadiri ya mito iliyoongezwa, mpaka ukakaribia sekunde 1. Akagundua hata nguo alizovaa zinabadili hesabu, ikambidi avae zile zile kila usiku.

Kutokana na mito hiyo ilipatikana kanuni ambayo wajenzi waitumia mpaka leo, na uzuri wake ni kwamba mizani yake ni dirisha lililo wazi. Sauti itokayo dirishani hairudi. Basi mita 1 ya mraba ya dirisha lililofunguliwa ndiyo pishi ya kupimia vitu vyote, na pazia, godoro, zulia na mwili wa binadamu huulizwa kimoja kimoja: wewe unameza sauti sawa na dirisha la ukubwa gani? Mtu mmoja aliyevaa nguo zake humeza karibu nusu ya mita hiyo. Marumaru, kioo na lipu iliyopakwa rangi ya mafuta humeza kidogo mno, mita nzima ya ukuta haifikii kipande cha dirisha cha upana wa kiganja cha mkono. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, uuzidishe kwa 0.16, kisha ugawe kwa jumla ya madirisha yako, ya kweli na ya kukisiwa, nawe utapata sekunde za mvumo. Nilikwenda nikaupima ukumbi wetu kwa hatua: urefu mita 20, upana 12, kimo kama 5. Ujazo wake ni 1200, na vyote vilivyomo, kwa makadirio yangu, havikuzidi dirisha la mita 30. Mvumo wake ukiwa mtupu ni zaidi ya sekunde 6. Siku ya posa tulikuwa watu wapatao sitini, kwa hiyo tukaupunguza kwa miili yetu hadi kama sekunde 3, ilhali ukumbi wa kunena wa ukubwa ule hutakiwa usipite sana sekunde 1.

Nakiri kwamba ukumbi ule ule ulikuwa umetuvutia kwa mvumo wake. Tulikuwa tumehudhuria Maulidi humo, na kasida ilipoinuliwa, kila sauti ilivutwa na kuta, ikalala juu ya sauti iliyofuata kama hariri juu ya hariri, tukatoka tukisema ukumbi huu una baraka. Na kweli, mwimbaji hukaa juu ya irabu, naye hufurahi irabu yake ikidumu. Lakini mnenaji ni msafiri mwenye mizigo midogo midogo mingi, na kila mzigo wataka njia iliyo wazi.

Haifai mtu adhani, kwa kusoma haya, kwamba kila mrudisho wa sauti ni adui, kwani mwenye kunena uwanjani pasipo ukuta huchoka upesi, na kila umbali unapokuwa maradufu nguvu ya sauti yake hupungua kwa desibeli 6. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mrudisho uliozunguka mita chache tu kabla ya kutufikia huja nyuma ya neno lenyewe kwa muda mdogo mno, na akili haiusikii kuwa ni sauti ya pili, bali huujumuisha na ya kwanza, neno likapata nguvu na mwili. Helmut Haas, katika utafiti wake wa Göttingen, Ujerumani, uliotoka mwaka 1949, alilichunguza jambo hili, na wataalamu wa vyumba aghalabu huuweka mpaka katika sehemu 50 za elfu za sekunde: mrudisho ulio ndani ya mpaka huo ni msaidizi wa msemaji, na uliochelewa zaidi ni mpinzani wake. Kwa lugha ya fundi, sauti iliyozunguka zaidi ya mita 17 kuliko njia iliyonyoka imechelewa.

Tazama sasa mihrabu. Imamu huelekea kibla akiwapa maamuma mgongo, na maneno yake yangekwenda mbali nao. Lakini mbele ya uso wake pana ukuta wa jiwe uliochimbwa ukainama kama kiganja, nao huipokea sauti ikiwa bado changa na kuirudisha nyuma, juu ya safu za watu, ndani ya muda ule wa msaada. Mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sidai kwamba walioichonga walikuwa na hesabu za Göttingen, nami najua kwamba mihrabu ina maana zake kabla ya sauti, lakini siamini kwamba watu waliosali mara tano kila siku ndani ya mawe waliyoyachonga kwa mikono yao hawakusikia lipi lafaa. Hutuba ya Ijumaa hutolewa juu ya mimbari, ili neno lipite juu ya vichwa lisimezwe na migongo; sakafu imetandikwa misala; na jamaa wakiwa wengi kupita uwezo wa sauti moja, husimama mubalighi katikati akazirudia takbira kwa walio nyuma.

Hata hivyo shangazi hakushindana na kuta peke yake. Alishindana na maneno ya watu wengine, na hili ni shindano la namna yake, kwa kuwa kelele ya feni haina maana nawe waweza kuipuuza, bali neno la jirani ni neno, nalo hugonga mlango ule ule. Mwaka 1953 Colin Cherry, Mwingereza aliyefanya majaribio yake Marekani, aliwasikilizisha watu hotuba mbili kwa wakati mmoja, za sauti ya mtu mmoja. Zilipochanganywa katika masikio yote mawili, wasikilizaji walitaabika, wakarudia mara kwa mara, wakatenganisha kwa shida kubwa. Zilipogawanywa, moja sikio la kulia na moja la kushoto, waliishika waliyoitaka kwa wepesi, na ile nyingine ikafifia hata wasijue yasema nini, ijapokuwa mwanamume akibadilishwa na mwanamke walitambua. Mwenyezi Mungu hakutupa masikio mawili kwa ajili ya urari wa uso. Sauti itokayo kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo, muda usiofika hata sehemu 1 ya elfu ya sekunde, na kwa tofauti hiyo ndogo akili hujua huyu yuko huku, yule yuko kule, ikamfuata mmoja na kumwacha mwingine. Fauka ya hayo, hakuna asemaye bila kupumua: kila mzungumzaji huacha mianya, na msikilizaji huchungulia katika mianya ya jirani akaokota vipande vya maneno anayoyataka, kama mtu atazamaye barabara kupitia makuti ya ua.

Ukumbi wa marumaru hutunyang'anya neema hizi mbili kwa pamoja. Kila sauti huja kutoka kila ukuta, kwa hiyo kulia na kushoto hupoteza maana. Na kila mwanya hujazwa na mkia wa neno lililopita, kwa hiyo ua lile halina tena pa kuchungulia. Wenye masikio ya ujana hufidia kwa kukisia, nao hawajui kwamba wanakisia. Na la tatu ni hili, ambalo tabibu wa Kifaransa, Étienne Lombard, alilitangaza mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele huinua sauti yake pasi na kujua. Wanawake wawili upande wa jikoni wakainua kidogo ili wasikizane, wa karibu nao wakainua zaidi, mpishi akaita kwa nguvu, watoto wakapiga kelele, na ukumbi ukayatunza yote kwa sekunde 3. Hakuna mmoja aliyekosa adabu.

Sasa irudie ile pumzi yetu. Lugha ya Kiswahili imejengwa kwa irabu. Takriban kila silabi yetu huishia kwa irabu iliyo wazi, na irabu ndizo zenye nguvu na ndizo zinazodumu ukutani, ilhali konsonanti nyingi ni fupi na dhaifu. Na maana hukaa wapi? Paa, kaa, taa, saa, baa, jaa, faa, vaa, zaa: irabu ni zile zile, na maneno ni tisa. Mwisho wa neno "kijana" ni a. Mwanzo wa "hatafika" ni pumzi, kisha a. Ukumbini, a ya kijana ilikuwa ingali yavuma wakati pumzi ilipotoka, ikaifunika kama wimbi lifunikavyo nyayo mchangani, na upande wa pili kikafika kilichobaki: mzazi wa kijana atafika leo. Shangazi alisikia sawasawa kile alichofikishiwa.

Ningeweza kuishia hapa kama ingekuwa ni karamu tu, kwani pilau iliyopoa hupashwa moto. Lakini nimekaa madarasani, na nafikiri juu ya mtoto wa miaka saba ambaye hana akiba ya maneno ya kukisia nayo. Mkubwa akipoteza silabi huijaza kwa maarifa yake ya lugha. Mtoto analetwa shuleni ayapate maarifa hayo, naye anatakiwa ayatumie kabla ya kuyapata. Marekani, mwaka 2002, ziliandikwa kanuni za madarasa zisemazo kwamba darasa la kawaida lisivume zaidi ya sekunde 0.6, na kelele yake likiwa tupu isizidi desibeli 35. Nalikumbuka darasa nililosomea, paa la makuti na kuta za udongo, mvua ikinyesha juu yake ikisikika kama mtu apepetaye mchele nyumba ya pili. Na nalikumbuka darasa tulilohamia kwa shangwe, la saruji na mabati, ambamo mvua ilipoanza mwalimu aliweka chaki mezani akaketi, nasi tukangoja, kwa kuwa hapakuwa na sauti ya binadamu iwezayo kushinda. Simlaumu aliyeezeka mabati, kwani makuti huvuja, hushika moto na huhitaji kubadilishwa. Lakini dari ya mbao laini au ya majamvi chini ya bati lile haikuwa nje ya uwezo wa watu walioweza kununua bati, ila hakuna aliyeuliza mvua itasemaje. Kila mwaka waliokaa nyuma waliitwa wazito wa kufahamu. Nawajua baadhi yao mpaka leo, nao si wazito.

Siku ya nikahi ya binti yetu ilipokaribia, ukumbi ulikuwa ni ule ule, kwa kuwa kodi imelipwa. Nilimwendea mlinzi usiku wa kuamkia shughuli, nikiwa na vijana wanne na gari la kukokota, akatufungulia. Nikasimama katikati nikapiga kofi moja, nikahesabu polepole. Kofi ni sauti dhaifu, na mkia wake huzama katika kelele za usiku kabla ya kwisha, walakini nilifika nne ndipo nisisikie tena. Tukaanza kazi. Magodoro ya sufi thelathini, tuliyoyaazima nyumba kwa nyumba, tukayapanga chini ya kuta pande tatu ili wanawake na wazee waketi kwa starehe kama walivyozoea. Mapazia mazito tukayatundika kwenye kamba, si kwa kuyabandika ukutani bali tukiacha nafasi ya shubiri moja nyuma yake, kwa sababu nguo iliyo mbali kidogo na ukuta humeza zaidi. Madirisha yote kumi na mawili tukayafungua, na vumbi na liingie. Feni tano tukaziacha zimezimwa. Mlango wa jikoni tukauwekea pazia, na watoto tukawaandalia mkeka wao uani chini ya mwembe.

Kijana mmoja aliniuliza kama tumekuja kuandaa nikahi au kulala. Nikamwambia apige kofi yeye. Akapiga, nikahesabu moja, na mbili haikutimia. Akatazama juu, kisha akasema neno, jina lake mwenyewe, akalisikiliza likitoka na kukoma.

Kisha nikachukua kiti kimoja, chenye mgongo mrefu na mto, nikakiweka mita 4 kutoka mahali atakaposimama kadhi, upande wa kulia, mbali na jikoni, ukuta ukiwa karibu nyuma yake ili umwongezee neno badala ya kumchelewesha nalo, na pasiwe na mtu mbele atakayemziba uso wa msemaji, maana macho nayo husaidia. Nikakikalia kwanza mimi. Mlinzi, kutoka upande ule aliosimama mkuu wa wageni siku ya posa, aliuliza, bila ya kuinua sauti, kama mzee wa kike atafika kesho mapema au hatafika mapema, ili ajue saa ya kufungua lango. Nikasikia yote mawili, nikamjibu kwamba atafika.